Bia nyeusi kavu ya Ireland kwa maji ya ziwa Kivu: inawezekana?

KijanaWaHimbi (Goma)

Jambo wapendwa wote.

Ninapika bia nyumbani, hapa Himbi, ya kunywa na ndugu na majirani, si ya kuuza. Safari hii nataka kupika bia nyeusi ya Ireland, ile kavu. Iwe nyeusi glasini, lakini ukiinyanyua mbele ya taa uone wekundu pembeni. Povu la rangi ya krimu likae mpaka glasi iishe. Uchungu wake uwe wa kahawa, na kilevi asilimia nne na kidogo tu. Zile nyeusi tamu za kwenye nganda, yaani baa, ni nzuri, ila sizo ninazozitafuta.

Nina sufuria ya lita 30, mbabula mbili za makala, ndoo mbili za plastiki za chakula zenye vifuniko, glasiyeri kubwa ya kuwekea soda zisipoteze baridi, kipimajoto, densimeta ya kupimia sukari iliyomo kwenye bia, na mashine ya mkono ya kufungia vizibo. Kimea cheupe cha shayiri nimepata kilo 5 kupitia rafiki anayefanya safari za Kampala. Kuna mgeni aliyeniletea hopsi, maua ya kutia bia uchungu, aina ya Goldings, gramu 100 na pakiti mbili za chachu kavu ya Safale S-04 kutoka Ubelgiji. Shayiri nyeusi iliyokaangwa ndiyo sina, na hapa mjini kila ninayemuuliza ananitazama tu.

Ila kinachoninyima usingizi ni maji. Bomba letu linatoa maji ya ziwa. Bia za rangi ya dhahabu nilizopika kwa maji hayo zote zinakwaruza nyuma ya ulimi, kama mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Nimebadilisha chachu, nimebadilisha ndoo, mkwaruzo uko palepale. Je, na nyeusi itatoka hivyo?

Tena, huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Zinatosha kutoa uchungu wa hopsi?

BabaWaNdosho (Goma)

Mdogo wangu, usijisumbue na shayiri ya kukaangwa. Chukua sukari nusu kilo, iunguze kwenye sufuria mpaka iwe nyeusi, izime kwa maji ya moto, kisha imimine kwenye bia inapochemka. Nimefanya hivyo kwenye bia ya mtama na rangi ilikuwa nyeusi tii, wageni wakasifu. Maji nayo yachemshe, yalale usiku mmoja, uyachuje. Yanatosha.

MwalimuWaNguba (Bukavu)

Baba wa Ndosho, heshima yako naishika, lakini kwa hayo mawili sikubaliani nawe. Naandika kwa urefu kwa sababu kimea cha kijana kimesafiri kutoka Kampala, na sitaki kimwagike bure. Mimi nafundisha kemia shule ya sekondari hapa Bukavu, na bia nyeusi ndiyo ninayoipenda kuipika kuliko nyingine yoyote.

Nianze na sukari. Sukari iliyoungua inatoa rangi na uchungu wa moshi, basi. Ladha ya nafaka iliyokaangwa haimo, na asidi yake haimo. Asidi hiyo, mdogo wangu wa Himbi, ndiyo itakayokuokoa na maji yako, kwa hiyo ishike akilini, nitairudia.

Bia hii ni mtoto wa porter, bia ya zamani ya London. Arthur Guinness alikodi kiwanda cha St James's Gate, Dublin, mwaka 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Alianza na ale, bia ya kawaida ya wakati ule, akaingia kwenye porter baadaye, na mwaka 1799 kiwanda kikaacha ale kabisa. Siku zile porter ilikuwa ya kahawia, kwa sababu kimea chake kilikaushwa kwa moto mkali wa kuni. Weusi tunaoujua ulikuja baada ya mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, la kukaangia kimea mpaka kiwe cheusi bila kushika moto. Kuanzia hapo mpishi aliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa, kinachotoa sukari nyingi, akaongeza cheusi kidogo tu kwa rangi na ladha. Na shayiri inayokaangwa bila kuoteshwa, ile inayoipa bia ya Ireland ukavu wake, ilipata njia mwaka 1880, Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, alipohamisha kodi kutoka kwenye kimea akaiweka kwenye bia yenyewe. Nafaka isiyo kimea ikawa halali kwenye pipa la mpishi.

Kwa hiyo usichanganye na wale wanaopaka bia rangi. Hapa nafaka iliyokaangwa ndiyo bia yenyewe.

Sasa maji, na hapa nakuomba usome polepole.

Maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH ya karibu 9; pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi inaongezeka. Yamejaa bikaboneti, chumvi inayopinga asidi, pia magnesiamu na sodiamu, lakini kalsiamu yake ni ndogo. Kimea kinapolowekwa kwenye maji ya moto kinataka pH ya 5.3 mpaka 5.6 ili vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari vizuri. Kimea cheupe peke yake hakina asidi ya kushindana na bikaboneti nyingi kiasi hicho. pH inabaki juu, na unapopitisha maji ya kusuuza, yale ya kutoa sukari iliyobaki kwenye nafaka, maganda ya shayiri yanaachia tanini. Huo mkwaruzo wa nyuma ya ulimi ndio tanini. Chachu yako haina kosa, wala ndoo zako.

Baba wa Ndosho anasema chemsha. Ushauri huo unafaa kwa maji yenye chokaa: yakichemka, kalsiamu na bikaboneti vinashikana, vinashuka chini kama unga mweupe, unamimina maji ya juu na kuacha ule unga. Lakini ili vishikane ni lazima kalsiamu iwepo, na ziwani ni kidogo. Chemsha maji ya Kivu utakavyo, sehemu kubwa ya bikaboneti inabaki ndani. Ukiyachemsha muda mrefu yanapungua, na kilichomo kinazidi kukolea.

Ndiyo maana nafurahi umechagua bia nyeusi. Shayiri iliyokaangwa ina asidi, na asidi hiyo inakula bikaboneti. Vitabu vya upishi wa bia vinafundisha kwamba maji ya Dublin yenye bikaboneti ndiyo yaliyoifanya bia nyeusi ikubali pale, wakati bia nyeupe ilikuwa inasumbua. Leo St James's Gate wanatumia maji laini ya milima ya Wicklow, lakini kanuni haijabadilika: maji yanayoharibu bia ya dhahabu yanaweza kuikubali bia nyeusi.

Yanaweza, lakini si ya Kivu matupu. Hayo yanapita kiasi hata kwa shayiri nyeusi. Nakushauri robo moja ya maji ya ziwa na robo tatu ya maji mepesi, yaani yenye bikaboneti kidogo, kwa maji ya kulowekea kimea tu. Maji ya kusuuza yasiwe na hata kikombe cha ziwa. Kwenye kusuuza ndiko tanini inakotoka zaidi, maana sukari imeshapungua na pH inapanda.

Maji mepesi Goma utayapata wapi? Maji ya mvua ningekuambia chukua moja kwa moja kama ungekuwa mahali pengine. Goma kuna Nyiragongo. Moshi wake unaingiza asidi na floridi kwenye mvua, hasa kule unakosukumwa na upepo, upande wa Rusayo na Sake, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Nunua maji ya chupa, yale makubwa ya ofisini, na usome karatasi yake: bikaboneti ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita, chukua. Sisi Bukavu tunabahatika, bomba la mtaani kwetu linatoa maji ya mto Murhundu, si ya ziwa. Ukiwa na mtu anayepanda boti, bidoni mbili za lita 20 zitakupa maji ya kupika mara moja na ya kuoshea vyombo.

Kama duka la dawa au la vifaa vya maabara lina kloridi ya kalsiamu ya daraja la chakula, weka gramu 4 kwenye maji ya kulowekea. Usipoipata, endelea bila hiyo. Usiweke ya viwandani, tafadhali.

Baada ya dakika 15 za kuloweka, chota kijiko cha yale maji, yapoe kabisa kwenye kisahani, ndipo uchovye karatasi ya pH. Rangi nyeusi ya bia itakudanganya kwenye karatasi, kwa hiyo tazama ukingo wa pale unyevu unapopanda, si sehemu iliyozama. Ikizidi 5.7, kamua limau, weka kijiko kimoja cha chai, koroga, subiri, pima tena. Ikiwa 5.5, acha. Kwa bia nyeusi napenda 5.5 kuliko 5.3, kwa sababu ikishuka sana ule uchungu wa kahawa unageuka kuwa ukali wa siki.

Tuje kwenye shayiri ya kukaanga. Nenda maduka makubwa ya mjini, sehemu ya dengu na mchele, utafute shayiri nyeupe iliyokobolewa, pakiti yake inaandikwa orge perlé. Haijaoteshwa, na hivyo ndivyo tunavyoitaka. Nunua kilo moja na nusu: gramu 550 za kukaanga, gramu 900 za kupika uji.

Kaanga nje, upande ambao moshi hauingii kwa jirani. Sufuria nzito, makala yaliyokwisha shika vizuri yasiyo na ndimi za moto, shayiri safu moja tu isiyorundikana, na mwiko haupumziki. Harufu itakuongoza. Kwanza utasikia mkate, halafu biskuti, halafu kahawa. Baada ya kahawa kuna harufu kali inayochoma pua na moshi unaogeuka kuwa wa buluu. Ukiufikia huo umechelewa. Usiamini rangi ya nje, inatangulia. Toa punje moja, ivunje kwa ncha ya kisu, utazame moyo wake. Moyo ukiwa bado na weupe, endelea. Ukiwa kahawia iliyokolea kama ganda lake, ipua papo hapo, umwage kwenye sinia baridi na uitandaze, maana punje zinaendelea kujichoma kwa joto lake zenyewe. Mama zetu wanaokaanga mtama wa kasiksi, pombe ya ndizi, wanaijua kazi hii kuliko mimi. Tofauti ni kwamba wao wanasimama kwenye kahawia, na wewe unaenda mbele zaidi. Kama una shangazi au bibi anayepika kasiksi, mkae pamoja kwenye mbabula, atakusaidia kusikia harufu inapobadilika.

Itapungua uzito, utabaki na gramu 450 hivi. Iweke kwenye mfuko wa karatasi wiki moja au mbili kabla ya kupika. Shayiri iliyokaangwa jana ina moshi mkali usiopendeza, na huo unatoka wenyewe ukiupa muda.

Mpango wangu kwa lita 20 ni huu. Kimea cheupe kilo 3, shayiri ya uji gramu 900, shayiri nyeusi gramu 450. Ile ya uji ivunje kidogo kwenye kinu, uichemshe nusu saa kwenye lita 4 za maji mpaka ilegee. Hiyo ndiyo italeta uzito mdomoni na povu lisilokimbia. Usiiache ukasema shayiri ni shayiri. Bila hiyo utapata bia nyeusi nyepesi yenye povu la soda. Saga kimea na shayiri nyeusi kwa kupasua tu, si unga. Changanya vyote pamoja na uji kwenye glasiyeri, maji yote yafike lita 13, joto likae kwenye nyuzi 65 au 66. Usipande 68, kwa sababu utabaki na sukari ambayo chachu haiwezi kula, na ukavu wote unapotea. Funga glasiyeri, tandika blanketi juu, dakika 90.

Weka shayiri nyeusi tangu mwanzo. Kuna watu wanaiongeza mwishoni ili uchungu upungue, na kwa maji laini wanayo haki. Kwako wewe asidi yake inahitajika tangu dakika ya kwanza.

Chuja kwa kitambaa safi, suuza kwa lita 15 za maji mepesi ya nyuzi 75, polepole. Acha kusuuza ukipata lita 25 kwenye sufuria, hata kama maji yanayotoka bado yana rangi. Usikamue kile kitambaa.

Kuhusu nyuzi 95: zinatosha, ila uchungu wa hopsi unatoka taratibu kuliko ukiwa pwani. Chemsha dakika 90 badala ya 60, na uweke Goldings gramu 60 mwanzoni kabisa. Hakuna hopsi za mwishoni. Bia hii haitaki harufu ya maua, inataka uchungu uliokaa chini ya kahawa. Densimeta ikusomee karibu 1.044 baada ya kupoa.

Na hapo Goma yetu, na Bukavu pia, tuna zawadi ambayo wapishi wa nchi za joto wanalipia umeme: chachu ya ale, kama hiyo S-04 yako, inataka nyuzi 18 mpaka 20, na chumba cha ndani kisichopigwa na jua kinakupa hizo mwaka mzima. Umeme ukatike usikatike, ndoo yako iko salama.

BabaWaNdosho (Goma)

Mwalimu, nimesoma yote. Nashukuru. Hilo la kalsiamu sikuwahi kuelezwa na mtu. Lakini mimi kimea cha shayiri sina wa kunitolea Kampala. Mtama wangu niuache?

MwalimuWaNguba (Bukavu)

Usiuache, Baba. Nigeria ilipozuia kuingiza shayiri mwaka 1988, viwanda vikubwa vilihamia kwenye mtama na mahindi, na bia nyeusi ya kule haikufa. Ila mtama una tabia zake mbili.

Ya kwanza ni usalama. Mtama unaouotesha unatengeneza sumu ya sianidi kwenye machipukizi na vimizizi. Loweka siku moja huku ukibadilisha maji, otesha, na kwa baridi yetu itachukua siku zaidi kuliko Uvira. Kausha juani mpaka ikatike kwa jino, halafu sugua kwa viganja na upepete mpaka kila chipukizi na kila kamzizi vimetoka. Usimwachie mtoto kazi hiyo.

Ya pili: wanga wa mtama unalegea kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, nyuzi 70 na zaidi, na joto hilo linaua vimeng'enya vinavyotakiwa kuugeuza kuwa sukari. Kwa hiyo loweka unga wa kimea cha mtama kwenye maji ya nyuzi 45 kwa nusu saa, uache utulie, uchote yale maji ya juu yaliyo safi, uyaweke pembeni. Vimeng'enya vimo humo. Uji mzito uliobaki chemsha mpaka uive, upoze hadi 65, ndipo urudishe yale maji uliyoyachota. Funika saa mbili. Ukiweza kuongeza kimea cha ulezi, theluthi moja, sukari itatoka vizuri zaidi, maana ulezi una nguvu ya kugeuza wanga kuliko mtama.

Rangi kaanga mtama wenyewe mpaka moyo uwe kahawia iliyokolea. Itakuwa na ladha ya kakao zaidi kuliko kahawa. Si bia ya Ireland, lakini ni nyeusi ya kweli, na mimi ningeinywa mbele ya ile ya sukari.

YayaWaKamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu Goma na Bukavu. Mwalimu, nimefurahi sana kukusoma.

Nasema machache ya huku kwetu, kwa wale wa Lubumbashi watakaopita hapa. Maji ya foraji yetu, yaani kisima cha kuchimbwa, yanaacha chokaa nyeupe kwenye birika, ya kukwangua kwa kisu. Sisi ndio ule ushauri wa kuchemsha na kumimina unatufaa, kalsiamu ipo. Nachemsha jioni, asubuhi namimina polepole, ule unga mweupe unabaki chini.

Joto letu halina utulivu kama lenu. Mwezi wa sita na wa saba usiku unakuwa baridi sana, chachu inalala kabla haijamaliza kazi. Naiweka ndoo ndani ya boksi kubwa la kadibodi, nayaweka pembeni yake machupa mawili ya maji ya moto yaliyofungwa, blanketi juu. Mwezi wa kumi ni kinyume chake, joto linapanda, hapo navika ndoo kitambaa kilicholowa na kuiweka kwenye sakafu ya saruji.

Kijana, hapa nakusihi kama mdogo wangu wa tumbo moja: chupa. Usifunge chupa kwa sababu mapovu ya kwenye ndoo yamenyamaza. Pima kwa densimeta. Ikisoma 1.010 au 1.011 leo, na kesho, na kesho kutwa namba ileile, ndipo ufunge. Chachu iliyosinzia kwa baridi kwenye 1.020 itaamka ndani ya chupa na chupa itapasuka, na kioo cha bia kinaruka mbali. Tumia zile chupa za kahawia za sentilita 72 za kurudisha depo, ni nene. Za soda nyepesi za kutupwa hapana. Kila chupa itazame kwenye mwanga, shingoni na chini, yenye ufa iondoe.

KijanaWaHimbi (Goma)

Mwalimu, Yaya, Baba, Mungu awabariki. Shayiri ya orge perlé nimeiona dukani leo mchana, nilikuwa nikiipita kila siku bila kuitambua. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kabare na anapika kasiksi, amekubali kukaa nami kwenye mbabula siku ya Jumamosi.

Nina maswali mawili tu yamebaki. Sukari ya kwenye chupa niweke kiasi gani kwa bia hii? Na lile povu la krimu, nitalipata bila mtungi wa gesi?

Tena mama mkwe ameuliza kama pombe hii inaweza kupofusha watu, kama zile kanyanga mbaya tunazozisikia.

MwalimuWaNguba (Bukavu)

Msalimie sana mama, na umjibu hivi: bia haitoneshwi. Kanyanga mbaya inatisha kwa sababu ya kutonesha bila uangalifu, na zaidi kwa watu wanaochanganya spiriti za viwandani. Nafaka iliyochacha ndani ya ndoo safi haina hatari hiyo. Ni haki yake kuuliza, na kila anayekunywa kwenu ajibiwe.

Sukari: gramu 90 kwa lita 20, si zaidi. Bia hii haitaki gesi nyingi. Ikiwa na gesi kama ya soda, ukali wa gesi unafunika kahawa. Iyeyushe kwenye kikombe cha maji yanayochemka, ipoe, iweke kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira bila kuirusha hewani. Koroga taratibu, jaza chupa, acha vidole viwili shingoni, funga.

Povu: ile krimu ya baa za Dublin inatoka kwenye nitrojeni. Guinness waliianzisha kwenye bia ya pipa mwaka 1959, mchanganyiko wa karibu robo tatu nitrojeni na robo kaboni dioksidi, unaosukumwa kwenye vitundu vidogo vya bomba. Nitrojeni haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo viputo vinakuwa vidogo mno. Nyumbani hutaipata ileile. Lakini kabla ya 1959 watu wa Ireland walikunywa bia hii miaka mingi bila nitrojeni, na povu lilikuwepo. Lako litatoka kwenye ule uji wa gramu 900 na kwenye glasi isiyo na mafuta. Osha glasi kwa maji ya moto na chumvi, suuza, iache ijikaushe ikiwa imeinama, usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Mafuta ya samaki kidogo tu ya sambaza kwenye ukingo wa glasi yanaua povu lote.

Acha chupa wiki mbili kwenye chumba, kisha wiki mbili nyingine mahali pa baridi kidogo. Wiki ya kwanza itaonja majivu. Usihukumu wakati huo. Na usiinywe ikiwa barafu. Nyuzi 10 mpaka 12 zinaitosha, chupa ikikaa usiku kwenye beseni la maji nje inapoa.

Ukimimina, acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa, chachu imelala pale. Na ukipima pH siku ya kupika, niandikie namba uliyoipata pamoja na jina la maji ya chupa uliyonunua, ili wa Goma wengine wasianze upya.

KijanaWaHimbi (Goma)

Nitaandika, Mwalimu. Ya maji ya kulowekea na ya kusuuza, zote mbili.